Barua Isiyo na Utani

Upper Marlboro, Maryland
9 Septemba 2024

Mtani wangu Mwatumu,

Natumaini hujambo, na kama wewe hujambo basi Tabora nzima haijambo, maana nyinyi Wanyamwezi mmoja akipiga chafya wengine wote mnajitwisha mizigo mkidhani msafara umeanza. Nakuandikia barua pepe kwa sababu simu siiwezi. Jacqueline akiwa nyumbani husikiliza kila neno, na akiwa hayupo nyumba inakuwa kimya kiasi kwamba sauti yangu mwenyewe inanishtua.

Mwaka umeshatimia tangu binti yangu anilete huku. Ulipokuwa unaniaga ulisema nitanenepa. Sijanenepa. Chakula kipo tele, kimepangwa kwenye friji ndani ya vibakuli vilivyoandikwa majina ya siku. Jacqueline anapika Jumapili baada ya misa, anagawa, anafunika, kisha anakwenda kazini. Ni muuguzi katika hospitali mbili, kwa hiyo namwona kama yeye alivyokuwa akiniona mimi zamani: anaingia, anauliza kama nimekula, anavua viatu, analala. Siwezi kumlaumu. Alijifunza kwangu.

Barabara yetu haina mtu anayekwenda kwa miguu. Nikitoka kunyoosha viungo, magari yanapunguza mwendo kunitazama kama mzee aliyepotea. Tangu Vumilia afariki nilidhani nimeshaujua upweke. Nilikuwa sijaujua. Kule Songea nilikuwa mgane katikati ya watu, kila asubuhi mtu anapita kuuliza nimeamkaje, na mimi nikinung'unika kwamba wananisumbua.

Sasa habari njema. Nimerudi chuoni. Jumanne na Alhamisi, Gitau, Mkenya wa parokia yetu, hunipakia kwenye gari lake na kunishusha kwenye chuo kimoja cha udaktari hapa Washington. Nakutana na wanafunzi mmoja mmoja, kitandani. Unaikumbuka sheria yangu ya wodini? Kaa kwanza. Vuta kiti, kaa, mshike mgonjwa mkono, ndipo uulize. Niliwafukuza wengi kwa kusimama miguuni pa kitanda wakijadili ini la mtu kana kwamba mwenyewe hayupo, na wewe ulikuwa unatoka wodi yako ya watoto kuja kunicheka, ukisema raundi zangu zinahitaji seremala. Basi huku viti vipo, ila hakuna anayekaa.

Afya yangu ni ya kizee. Nikipanda ngazi kifua kinabana, na moyo unavuma kuliko ngoma za harusi ya Kinyamwezi. Usinipe pole, najua unalisubiri godoro langu.

Mtani wako,
Ferdinand


Tabora
13 Septemba 2024

Mngoni usiye na haya,

Barua yako nimeisoma barazani kwa sauti, na waliokuwepo wamekusamehe. Hiyo habari ya chuo sikuweza kukaa nayo. Nimempigia Gwakisa, yule mwanafunzi wetu aliyekuwa akisinzia kwenye mihadhara yako na leo ndiye mkuu wa kitivo. Amefurahi mno. Anasema ataitangaza kwenye mkutano wa wahitimu: mzawa wa kwanza kuwa profesa wa tiba chuoni kwetu sasa amepewa kiti cha uprofesa Marekani, akiwa na miaka themanini na moja. Anaomba picha yako ukiwa umevaa koti jeupe. Jitahidi kuchana hizo mvi zilizobaki.

Lakini hukusema ni kiti cha nini. Tiba ya jumla, au wamekupa magonjwa ya wazee ili ujisomee mwenyewe?

Mimi niko salama. Goti linalia mvua ikikaribia. Kina mama bado wananiletea watoto wao, ingawa nimewaambia nimestaafu, na nikichelewa kufungua mlango wanaita kwa zamu. Wajukuu wamejaa kila pembe. Jana nimekalia ugali.

Kuhusu moyo kuvuma, hiyo ni kawaida yenu. Babu zako walikimbia kutoka Afrika Kusini mpaka Songea bila kupumzika, ulitegemea kurithi moyo wa aina gani? Godoro silitaki, lina kunguni wa ukoo. Nataka ile redio yako ya mbao. Siku yako ikifika nitashuka kaburini nilale humo, na huzikwi mpaka ndugu zako wanipe jogoo mnene.

Mimi niliyekushinda mtihani wa anatomia,
Mwatumu


Upper Marlboro
6 Oktoba 2024

Mtani,

Mwambie Gwakisa anyamaze. Sijapewa kiti, nimepewa kitanda.

Mimi ni mgonjwa wa kuigiza. Huku wanafunzi hawaanzi na wagonjwa wa kweli. Chuo huchukua watu wazima wenye afya na kuwapa ugonjwa ulioandikwa kwenye karatasi, wanaukariri, wanalala wakisubiri. Mimi ni bwana Harris, dereva wa basi mstaafu, tumbo linaniuma baada ya kula. Navaa lile gauni la hospitali lililo wazi mgongoni. Mwanafunzi anagonga mlango, ananihoji, ananipima, na mwalimu anatazama kwenye kamera. Mwishoni msimamizi wetu, mama mmoja anaitwa Audrey, ananiuliza kama nilipewa heshima. Hakuna anayejua mimi ni nani. Waliponiuliza kazi yangu ya zamani niliandika kwamba nilikuwa mwalimu.

Najua utauliza kwa nini. Nitakwambia waziwazi kwa sababu wewe ni mtani na kunihurumia huwezi. Ni kwa sababu wananigusa. Wiki nzima hakuna mkono wa mtu unaonifikia isipokuwa ule wa kutakiana amani kanisani. Kule wananishika kifundo cha mkono, wananibonyeza tumbo, wananiuliza inauma wapi. Majibu ni ya Harris, lakini tumbo ni langu. Naona aibu kuandika haya, ila ndiyo ukweli: naisubiri Jumanne kama mtoto anavyoisubiri sikukuu.

Na wiki iliyopita limetokea jambo. Aliingia binti anaitwa Makena. Wazazi wake ni Wakenya kutoka Meru, mama yake hutunza wazee kwenye nyumba ya wazee kule Manassas. Alinawa mikono, akavuta kiti, akakaa. Akanishika mkono kabla ya kuuliza lolote. Mtani, nilisahau kama tumbo linaniuma kabla ya kula au baada. Alipofika mlangoni akageuka, akauliza kwa Kiingereza kama natoka Afrika Mashariki. Nikamjibu kwamba bwana Harris katoka Ohio. Alicheka, kisha akasema polepole, akiyatafuta maneno, "Asante, mzee."

Nilirudi nyumbani nikala kibakuli cha Alhamisi siku ya Jumanne.

Wako,
Ferdinand


Tabora
10 Oktoba 2024

Bwana Harris,

Nimecheka mpaka meno ya bandia yakahama. Profesa mzima, uliyekuwa ukipita wodini wauguzi wananyoosha mashuka, leo umelala mgongo wazi unalia tumbo. Na najua unaigiza vibaya. Hata homa ya malaria ulikuwa huwezi kuigiza ili ukwepe mkutano wa kitivo.

Jioni nimeisoma tena, safari hii bila kicheko. Kuhusu ule mkono wa kanisani sina utani wa kukujibu. Nimeutafuta, nimeukosa.

Gwakisa nimemwambia unafundisha vitandani, na huo si uongo. Huyo binti mtunze. Sisi tuliwapigia watu kelele miaka mitano ndipo wakakaa, yeye kakaa mwenyewe. Na umwambie Jacqueline unakokwenda kila Jumanne, maana najua hujamwambia.

Mwatumu


Upper Marlboro
3 Novemba 2024

Mtani,

Kuna jambo limeharibika, nami ndiye niliyeliharibu.

Juzi ulikuwa mtihani wao wa vitendo. Nililala nikiwa Harris yule yule. Wanafunzi wakaja, wakabonyeza tumbo, wakaweka stetoskopu kifuani kwa haraka haraka kama mtu anayegonga mhuri, wakaandika kwamba moyo ni wa kawaida, kwa sababu mwenye tumbo anatazamwa tumbo. Kisha akaja Makena. Akakaa. Akasikiliza. Alipofika pale juu, kulia mwa mfupa wa kifua, mkono wake ukasimama. Akaniomba niinamie mbele, nitoe pumzi, niizuie. Akausogeza mpaka shingoni. Nilikuwa naitazama dari na nikajua kwamba amesikia, kwa sababu mimi mwenyewe nimekuwa nikiisikia sauti hiyo miaka mitatu sasa, kwa stetoskopu yangu, mlango wa chumba ukiwa umefungwa. Mlango wa moyo wangu umekakamaa, Mwatumu. Damu inapita kwa shida na ndiyo inayovuma. Ni ugonjwa niliousomesha maisha yangu yote, na najua unamalizaje watu wasiotibiwa.

Makena akaandika alichosikia. Karatasi ya Harris inasema moyo hauna kasoro. Walimu wakasema amebuni dalili ili aonekane hodari, na huku kubuni dalili ni uongo wa kitabibu, mwanafunzi anafukuzwa kwa hilo. Audrey akaja kuniuliza faraghani kama nina tatizo lolote la moyo. Nilipoajiriwa niliandika kwamba sina. Nikamtazama usoni nikamwambia sina.

Alhamisi hii binti anaitwa mbele ya kamati.

Nikisema kweli, kazi imekwisha, hawawezi kuendelea na mgonjwa wa kuigiza aliyewadanganya. Na watamjulisha Jacqueline. Ataacha hospitali mojawapo ili anilinde, atanifungia ndani na televisheni, na nitakuwa mgonjwa kweli, wa siku saba kwa wiki. Jumanne zangu zitakwisha. Nisiposema, mtu pekee aliyevuta kiti atafukuzwa kwa kusikia sawasawa.

Na wewe usiseme nimekuficha. Nilikwambia mwezi wa tisa. Niliandika kifua kinabana na moyo unavuma, ukanijibu kwa mbio za babu zangu. Nilicheka, wallahi nilicheka sana. Kisha nikakaa na simu mkononi nikitumaini utaandika tena kuuliza kama ni kweli.

Ferdinand


Tabora
4 Novemba 2024

Ferdinand,

Nimeamka nikaikuta barua yako, na tangu hapo sijafanya kitu kingine.

Ulichoandika mwezi wa tisa nilikisoma. Mimi ni daktari. Mtu wa miaka yako, kifua kinabana kwenye ngazi, moyo unavuma. Angeniambia mama yeyote hapa barazani ningemkalisha nimpime. Lakini ulikitia ndani ya utani, nami nikakipokea kama utani, kwa sababu tangu tukiwa wanafunzi sisi wawili hatujaambiana jambo kwa njia nyingine. Vumilia alipofariki nilikuja Songea kufanya nini? Nilivaa suruali yako, nikawachekesha waombolezaji. Sikuwahi kukuuliza unalalaje.

Sasa sikiliza. Kazi ya mtani msibani ni kuchekesha. Wenye msiba wanalia, yeye halii. Nimeifanya kwa watu wengi na kwa mke wako niliifanya vizuri. Kwako sitaiweza. Nimejaribu leo asubuhi kuwaza nitasema nini kaburini kwako na nimeshindwa kupata hata neno moja la kuchekesha. Kwa hiyo usinipe kazi hiyo.

Nenda Alhamisi ukaseme. Sema kwa ajili ya binti kwanza, maana yeye amefanya kile tulichowaomba wanafunzi maisha yetu yote. Kisha utibiwe. Wanaweza kuurekebisha mlango huo, huko uliko wanaufanya kila siku, na wewe unajua kuliko mimi. Na Jacqueline mwambie wewe, kwa mdomo wako, kabla hajaambiwa na mtu wa chuo.

Unalalaje, Ferdinand? Nijibu.

Mwatumu


Upper Marlboro
16 Novemba 2024

Shangazi Mwatumu,

Shikamoo. Ni mimi Jacqueline. Nimeona barua zako kwenye kompyuta ya baba, ameniruhusu nikujibu kwa sababu ameona umeandika mara nyingi na yeye bado hana nguvu.

Baba yuko hospitali. Yuko hai, usiogope. Ile Alhamisi Gitau alimpeleka kwenye kamati. Mimi nilikuwa shifti, sikujua lolote. Alikusudia kuniambia asubuhi lakini nilikuwa nimelala, akasema aliona haya kuniamsha. Haya mengine nimeyasikia kwa Makena, ambaye alikuwepo.

Anasema mzee aliingia na suti yake ya kijivu, hawakumtambua. Akasema yeye ndiye bwana Harris na kwamba aliwadanganya. Akavua koti, tai, akafungua vifungo vya shati mbele ya maprofesa wote. Mmoja akaja na stetoskopu akasimama juu yake. Baba akamwambia, "Kaa kwanza." Yule akakaa. Halafu akawaonyesha pa kuweka, lini wasikilize, sauti inapanda vipi mpaka shingoni, na kwa nini mtu mwenye haraka haisikii. Makena anasema lilikuwa somo zima, na mgonjwa mwenyewe ndiye mwalimu. Wakamuuliza yeye ni nani hasa. Ndipo akawaambia alikuwa nani na wapi. Kesi ya Makena ikaishia hapo hapo. Baba alipoinuka kuvaa shati akaanguka, wakampeleka hospitali kwa gari la wagonjwa, na mimi nikapigiwa simu nikiwa namlisha mgonjwa wa mtu mwingine.

Shangazi, nina hasira na sijui nimpe nani. Nasikiliza mioyo ya watu kila siku, ndiyo kazi inayolipia hii nyumba. Wa baba yangu sijawahi kuusikiliza hata mara moja. Nilimwekea vibakuli. Wewe alikwambia kwa mzaha. Mimi hakuniambia hata kwa mzaha.

Wiki ijayo watambadilishia mlango wa moyo, wanapitia mshipa wa pajani, hawapasui kifua. Amenituma nikwambie kwamba analala upande wa kulia, mito miwili, na usingizi hauji. Anasema ndilo jibu la swali lako.

Mwanao,
Jacqueline


Upper Marlboro
2 Desemba 2024

Mwatumu,

Mlango umewekwa. Niliporudi chumbani niliomba stetoskopu nijisikilize, wakanikatalia, nikamwomba Jacqueline. Akavuta kiti akakaa, akasikiliza muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa moyo mmoja. Alipomaliza akaniambia hauvumi tena, akaegemeza kichwa chake kitandani akalala pale pale. Sikumwamsha.

Wanafunzi wa hospitali walipita na daktari wao wa raundi. Walisimama miguuni pa kitanda, wakaniita mlango wa moyo wa chumba cha mwisho, wakaenda. Sikuwaambia wakae. Nilikuwa nimechoka, na pengine nimeshasema vya kutosha.

Siku ya kuruhusiwa, Makena alikuja na mama yake wamebeba chapati. Akanipa shikamoo ya kufundishwa ndani ya gari. Kisha akavuta kiti, akanishika mkono, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Profesa, leo unasikia aje, wewe mwenyewe?" Ya Harris yote nayakumbuka, tumbo, chakula, Ohio. Ya kwangu sikuwa na hata sentensi moja iliyo tayari. Mwishoni nilimwambia nasikia upweke. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeandikiwa dalili ya kweli, hakuniambia itapita. Amesema atakuja siku anazopata nafasi. Mitihani yao ni mingi, simtegemei sana.

Audrey ameleta barua ya heshima na ya kuniachisha kazi. Jacqueline amepunguza shifti za hospitali moja, siku ya Jumatano anakuwa nyumbani. Siku nyingine ni kama zamani. Leo ni Jumatatu, kibakuli cha Jumatatu nimekila, na kesho ni Jumanne na Gitau hana sababu ya kusimama hapa.

Sasa nina ombi. Ile barua yako ya Novemba nimeisoma hospitali kabla ya kupelekwa chumba cha upasuaji, na nimeisoma tena leo. Ni barua nzuri kuliko zote ulizowahi kuniandikia, na haina tusi hata moja, na kila nikiisoma naona kama nimeshakufa. Ulichouliza nimekijibu, na nitakijibu kila ukiuliza. Uliza. Lakini mwishoni mwa barua weka chochote, kuhusu babu zangu, kuhusu kunguni, kuhusu jogoo.

Nitukane kidogo, Mwatumu, nijue bado nipo.

Ferdinand